Kilo Ishirini kwa Kila Mtu

Jumapili, tarehe 1 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku, karatasi nimeiweka juu ya sanduku jingine. Meza imeshaondoka. Walikuja jana wakaibeba pamoja na viti, na tangu jana tunakula tumesimama kama watu wanaosubiri gari.

Shemeji yako ameigawa nyumba mafungu matatu. Vya kusafiri navyo vina karatasi ya kijani, vya kupelekwa stoo kwa kaka yake vina ya njano, vya kugawa vina nyekundu. Unamjua Injinia, akishika kitu lazima akipange. Juzi Chiriku alimbandika bibi yake karatasi ya kijani kwenye paji la uso alipokuwa amesinzia, eti asije akasahauliwa. Mama mkwe aliamka akaenda nayo hadi kwa jirani. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakakawia kukauka.

Huyo mama mkwe ananifungulia kila sanduku ninalolifunga. Anatoa nguo zangu, anaweka sufuria zake. Kila mtu kilo ishirini, na kilo zangu naona zinapungua kila siku. Mkubwa wake Chiriku, Mrefu, amekuwa mkimya. Ana miaka kumi na mitatu sasa, anakunja nguo zake mwenyewe, hataki nimsaidie. Pasipoti zote tano ziko kwenye mkoba wa Injinia, na mkoba anatembea nao hata akienda kuoga. Ndege ni Jumamosi tarehe 28. Miaka mitatu ya kujenga bwawa la watu.

Ijumaa ijayo naaga dukani. Miaka kumi na mmoja nimesaga lenzi za miwani kwenye kile kibanda cha nyuma. Mzee mwenye duka bado hajapata mtu. Kila anayekuja kujaribu anavunja.

Simu ya shuleni kwako bado imekufa? Nimepiga mara nne. Hapa nyumbani nako siwezi kuongea, maana nikinyanyua simu tu, mama mkwe anakumbuka kazi ya kufanya karibu yangu.

Baba anaendeleaje? Mwambie aniandikie, hata mistari mitatu, kwa mkono wake mwenyewe. Hajaniandikia tangu mwezi wa pili.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 5 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, watoto wa darasa langu wakaniuliza mwalimu anacheka nini. Mpe Chiriku busu langu.

Huku hatujambo. Baba ni mzima, anakula vizuri, anabishana na redio kama kawaida yake. Mkono ndio unamtetemeka kidogo, ndiyo maana haandiki. Nitamkumbusha. Nyumba ni ileile, ila nimebadilisha kitasa cha mlango wa mbele, kile cha zamani kilikuwa kinakwama.

Ulisema mwezi uliopita ungependa kuja kuaga. Usije, Dada. Saa tisa ndani ya basi, halafu saa tisa kurudi, na nyumba imekaa juu chini! Mliagana mwezi wa pili, na Baba hapendi kuagana mara mbili. Tumia nguvu zako kumzuia mama mkwe na sufuria zake.

Nikuambie ukweli, nakuonea wivu. Ningekuwa mimi, masanduku yangekuwa yamefungwa tangu mwaka jana, ningekaa juu yake nikisubiri.

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 8 Juni

Baba, shikamoo.

Naiweka barua hii kwenye bahasha ya peke yake yenye jina lako ili mdogo wangu asiisome. Nasema haraka kabla sijaishiwa ujasiri.

Sitaki kwenda, Baba.

Utaniuliza mbona sikumwambia mume wangu. Siku aliyoleta habari za mkataba alininyanyua juu sebuleni, mbele ya watoto na mama yake, akanizungusha. Nikacheka. Ningefanya nini? Tangu hapo kila mtu ananipa hongera. Majirani, mzee wa dukani, mwalimu mkuu wa Mrefu. Kila hongera ni msumari. Sasa kitanda kimeondoka, mapazia yameondoka, wapangaji wameshakuja mara mbili kupima madirisha. Natembea kwenye nyumba yangu na hatua zangu zinanirudia kama za mtu mwingine.

Juzi niliaga dukani. Mzee alinipa ile nguo laini ninayofutia lenzi, akasema na iikumbuke mikono yako. Nilienda kukaa chooni robo saa nzima.

Injinia si mtu mbaya. Hajawahi kuniinulia sauti. Lakini hii ndiyo ndoto yake, na mimi nimekuwa kama mzigo mmojawapo wenye karatasi ya kijani.

Baba, niandikie unanihitaji. Maneno mawili yanatosha: njoo nyumbani. Anakuheshimu kuliko mtu yeyote, hawezi kuvuka neno la mkwe wake. Ikinifikia kabla ya tarehe ishirini, bado kuna muda.

Mwanao


Jumatatu, tarehe 9 Juni

Binti yangu mpendwa,

Mimi ni mzima wa afya na sina shida yoyote. Mdogo wako ananitunza vizuri. Nimesikia kwamba unakaribia kusafiri na familia yako, nami nimefurahi sana.

Nenda na mume wako. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Ukibaki kwa ajili yangu utanifanya nijione mzigo, na hilo sitalisamehe. Wala usije kuniaga. Nakutakia safari njema.

Baba yako


Alhamisi, tarehe 12 Juni

Dada,

Nimeifungua barua uliyomwandikia Baba. Usinikasirikie sasa hivi, nikasirikie ukishamaliza kusoma.

Baba hawezi tena kusoma. Herufi anaziona lakini hazimwambii kitu. Mwezi wa tatu alitoka asubuhi kwenda ofisini kuchora ramani, ile ofisi aliyostaafu miaka tisa iliyopita. Fundi viatu alimkuta stendi amevaa koti juu ya nguo za kulalia, anamuuliza kila mtu basi la wafanyakazi limepita saa ngapi. Mara ya pili alipotea siku nzima. Daktari alisema ni akili inachakaa na haitarudi.

Kile kitasa hakikuwa kinakwama. Nilikibadilisha ili kifungwe kwa nje. Nikienda shule namfungia ndani, saa moja asubuhi hadi saa nane. Wakati wa mapumziko narudi mbio kumpa uji. Nikifika kona ya nyumba namsikia anagonga. Hapigi kelele. Anagonga kwa adabu, kama mtu aliyefika kwa watu ugenini. "Hodi? Kuna mtu humu?" Anabisha hodi kwake mwenyewe, Dada, akiwa ndani. Majirani wameshazoea. Mimi sijazoea.

Barua ya tarehe tisa niliiandika mimi. Yako ilikuwa bado njiani, nilikuwa sijui kitu. Niliogopa ungeingiwa na mashaka kwa ukimya wake ukaja kumwona, ukavunja safari. Nilitaka angalau mmoja wetu atoke. Nilikuwa nakaa hapa nasahihisha madaftari huku nakuwazia uko kwenye ndege, na hiyo picha ilikuwa inanisukuma hadi jioni. Kumbe na wewe umefungiwa.

Nimechoka. Nimeliandika neno hilo na dari haijaniangukia.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Humo nimeeleza habari za Baba tu, hakuna neno lako hata moja. Mwonyeshe Injinia. Yote ni kweli.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 16 Juni

Mdogo wangu,

Ile barua ya kwanza, ya "Baba", ilifika Alhamisi. Mama mkwe aliipokea mlangoni akampa mwanawe, na Injinia akaisoma kwa sauti tukiwa tumesimama tunakula. Alipofika kwenye "utanifanya nijione mzigo" aliurudia mstari huo. "Mzee huyu," akasema, "hakuna kama yeye." Akaikunja akaiweka kwenye mkoba pamoja na pasipoti.

Mimi nilijua palepale kwamba si yake. Baba huandika herufi kubwa zilizosimama, kama anaandika jina la mto kwenye ramani. Na tangu nizaliwe hajaniita mpendwa. Mimi ni "Fundi" tu. Nikanyamaza. Unajua kwa nini? Nilidhani ameisoma barua yangu, akakataa kunisaidia, na wewe ukaamua kumsitiri. Siku mbili nzima nilimchukia Baba. Mzee amefungiwa ndani anabisha hodi, na mimi huku namchukia.

Yako ya kweli ilikuja Jumamosi. Nilimpa Injinia ile karatasi ya pili. Aliisoma mara mbili, akafungua mkoba, akaweka zote mbili ubavu kwa ubavu juu ya sanduku.

"Barua mbili, nyumba moja, siku tatu," akasema. "Mke wangu, niamini ipi?"

"Hii ya pili."

"Mwandiko ni mmoja."

"Ndiyo. Mdogo wangu alituficha."

"Basi aliyeweza kutunga ya kwanza anashindwaje kutunga ya pili?"

Mama mkwe naye akadakia, "Mzee anaugua siku kumi na nne kabla ya ndege! Hao ni ndugu wawili wanalilia kuachana, waache walie, itapita."

Ungeniambia mwezi wa tatu, mdogo wangu. Ungeniambia tu! Halafu najiuliza mimi nilimwambia nani nini mwezi wa tatu, nafunga mdomo.

Injinia anakuja huko mwenyewe kuona. Atafika Alhamisi. Usimwandae Baba, usisafishe nyumba, usifanye chochote. Amwone alivyo.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 16 Juni

Shemeji,

Nitasafiri usiku, nitafika Alhamisi kabla ya saa sita mchana na nitaondoka na basi la saa nane. Siji kukupeleleza. Kama Baba ni mgonjwa kama ulivyoandika, nitatafuta njia, hata kama ni kuomba mkataba usogezwe. Nina watu arobaini wanaonisubiri kule, lakini mkwe ni mzazi wangu.

Na kama ni uchungu wa kuachana na dada yako, uniambie tukiwa wawili. Sitakasirika wala sitamwambia mtu. Kila nikiingia chumbani siku hizi mke wangu ananipa mgongo na kukunja kitu. Nataka tu kujua ninalopambana nalo ni nini.

Shemeji yako


Ijumaa, tarehe 20 Juni

Dada,

Sijui nianzie wapi. Baba alipona kwa muda wa saa mbili.

Nilifanya kama ulivyosema. Sikumwandaa. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, nimekaa naye, na asubuhi yote alikuwa ananiita kwa jina la marehemu mama. Mara mlango ukabishwa, Injinia akaingia, na Baba akasimama. Dada, alisimama wima! "Karibu, mkwe wangu. Umetoka mbali. Watoto hawajambo? Yule Chiriku bado anaongea akilala?" Akaenda chumbani akarudi amevaa tai.

Wakazungumza habari za bwawa. Baba alichukua kalamu yangu nyekundu akachora mto pembeni mwa gazeti, akamwonyesha maji yatakavyosukuma na wapi ukuta unapaswa kuwa mnene. Injinia aliinama juu ya gazeti kama mwanafunzi. Mimi nimesimama mlangoni na birika, jasho linanitoka. Nikaona nisipofanya kitu nimekwisha. Nikasema, "Baba, leo ni siku gani?"

Akanitazama, akamgeukia Injinia akacheka. "Unaona? Nilisomesha mwalimu, sasa ananitahini mbele ya mgeni."

Wakacheka wote wawili. Hata mimi nilicheka.

Nilimwonyesha Injinia kitasa. Alikishika, akakizungusha, akanitazama. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, "Shemeji, umechoka sana. Unamfungia mzee mwenye akili zake? Tafuta mtu wa kukusaidia." Akaondoka na lile gazeti lenye mchoro, amelikunja vizuri.

Hakuwa amefika kwenye kona pale Baba alipokaa kitandani kama mtu aliyekatwa nyuzi. Akaniuliza, "Yule bwana aliyekuja kupima kiwanja ni nani?"

Nilimlaza kwanza, nikamfungia, ndipo nikatoka mbio. Nilikimbia na kandambili hadi stendi, watu wananipisha wakidhani nimeibiwa. Basi lilikuwa limeshatoka.

Nimekuharibia mara mbili.

Mdogo wako


Jumamosi, tarehe 28 Juni, mchana

Mdogo wangu,

Hukuniharibia. Soma taratibu.

Injinia alirudi kutoka huko amechangamka, ameleta mchoro wa Baba, akawaonyesha watoto. Barua yako ilinifikia Jumatatu. Sikumwonyesha. Ningemwonyesha ya nini? Ingekuwa barua ya tatu kutoka meza ileile.

Jumanne alikuwa anapima masanduku. Langu likatoka kilo kumi na tisa. "Imebaki moja," akaniambia, "chukua chochote unachopenda." Alisema kwa wema, akasimama pale na mizani mkononi ananisubiri. Nikazunguka chumba kizima kwa macho. Kilikuwa kitupu, kweli, lakini hata kingekuwa kimejaa, hapakuwa na kitu ninachotaka kukipeleka kule. Hata mwili wangu.

Nikasema, "Sitaki kwenda."

"Baba yako mzima. Nimemwona kwa macho yangu."

"Baba si mzima. Lakini si kwa ajili ya Baba. Hata angekuwa anapiga mbio uwanjani, mimi sitaki."

Akakaa juu ya sanduku. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu siku aliyoninyanyua sebuleni.

"Ulicheka," akasema.

"Nilicheka."

Mama mkwe alikuwa ameshaingia na sufuria mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, alitoka bila kusema neno.

Injinia hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema, "Mwezi wa pili ningeukataa mkataba ule, ningeukataa bila hata kuuliza sababu. Ulininyima nafasi ya kuwa mume wako." Na ni kweli. Nilikuwa nimejiona mfungwa na yeye ndiye askari, kumbe hakuwahi kuambiwa kuna mfungwa. Nilimtafuta Baba aniombee ruhusa, nikakutafuta na wewe. Aliyekuwa na haki ya kuniuliza alikuwa analala ubavuni mwangu, na yeye ndiye pekee niliyemficha.

Siku mbili tuliongea habari za funguo tu. Alhamisi akafungua mkoba, akatoa pasipoti yangu na ya Chiriku, akaziweka dirishani. "Chiriku bado mdogo, abaki na wewe. Mrefu ana akili zake. Aamue mwenyewe."

Nilikuwa na hakika, mdogo wangu. Mtoto aliyekuwa kimya miezi yote minne, anakunja nguo peke yake, nilisema huyu ni mimi mtupu, huyu anaumia kama mimi. Nikamwita nimpe habari njema. Nikamwambia, "Huna haja ya kwenda tena. Mama amesema."

Akaangalia chini. Akauliza, "Lazima nibaki?"

"Hutaki kubaki?"

"Nataka kwenda, Mama. Tangu siku ile Baba alipotuambia. Nilikuwa nataka kurukaruka, ila nilikuona usoni, nikaona nisikuumize. Ndiyo maana nilikuwa nakunja nguo huko chumbani mlango umefungwa. Nilikuwa nafurahi."

Yeye aliniona. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliniona, akaificha furaha yake miezi minne kwa ajili yangu, kama mimi nilivyoficha huzuni. Sikuwa nimemfundisha, na hakuna kitu nilichowahi kumfundisha akakijua vizuri hivyo.

Nilikuwa na neno moja tu la kumzuia, na angebaki. Ningemwangalia tu. Nilimwambia alete sanduku lake tulipange upya, kwa sababu viatu alikuwa ameviweka juu ya madaftari.

Wameondoka leo saa nne asubuhi. Mama mkwe alinishika mkono. Injinia amesema atakuja mwezi wa kumi na mbili tuongee. Sijui kama bado nina mume, na sidhani kama yeye anajua. Mrefu hakulia, alikuwa anamsaidia bibi yake kuingia kwenye gari, halafu akaanza kumuuliza dereva uwanja wa ndege una ngazi za umeme ngapi. Nilimsikia hadi mlango ulipofungwa.

Wapangaji wanaingia Alhamisi. Chiriku na mimi tutapanda basi la Jumatano usiku. Sina kazi huko na sijui nitapata ipi. Alhamisi uende shule, usiombe ruhusa. Mwachie fundi viatu ufunguo, nitafika kabla ya mapumziko yako.

Na watu wa mtaani watasema nimeacha mume na mtoto nije kumuuguza Baba, watanisifu, watanipa hongera tena. Usiwaache. Waambie nilibaki kwa sababu nilitaka, na mwanangu aliondoka kwa sababu alitaka.

Dada yako